Gari Dogo Lililotumika: Kagua Giaboksi Kwanza, Bei Baadaye

Wakazi wengi wanaonunua gari kwa mara ya kwanza huchagua gari dogo lililotumika: Toyota Vitz au Passo, Mazda Demio, Nissan Note, Honda Fit. Pesa zenyewe mara nyingi ni mkopo wa chama cha akiba, au akiba ya miaka kadhaa ya mshahara, mazao au biashara ya sokoni. Mkopo huo utakatwa kila mwezi, gari likiwa barabarani au likiwa juu ya mawe kwa fundi. Kwa hivyo mnunuzi ana swali kubwa kuliko bei iliyoandikwa kwenye kioo. Gari hili litadai pesa ngapi katika mwaka wake wa kwanza, na zitatoka wapi?

Mwenye shilingi 600,000 asinunue gari la shilingi 600,000. Akibaki na angalau 60,000 mkononi, matengenezo ya miezi ya mwanzo hayatamrudisha kwa wakopeshaji.

Umri wa gari na mita yake

Nambari ya usajili huwapotosha wengi. Kiwango cha KS 1515 hakiruhusu kuingiza nchini gari lililopita miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza ng'ambo. Nambari za KDA zilianza kutolewa mwaka wa 2020, na gari lililoingia mwaka huo lingeweza kuwa la 2013. Muuzaji anayesema gari "ni la juzi" kwa sababu ya nambari hiyo anazungumzia siku lilipofika Kenya tu.

Mita ya kilomita nayo hurudishwa nyuma kwa dakika chache, kwa kifaa kinachoshikika mkononi. Gari likisoma kilomita 70,000 huku mpira wa pedali ya breki umelika upande mmoja, usukani unang'aa kwa kushikwa na kiti cha dereva kimelala, mita hiyo haifai kuaminiwa. Gari lililotoka Japani karibuni huwa na cheti cha usafirishaji kinachoonyesha kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wa huko. Gari ambalo limekaa hapa nchini miaka mitano halina cheti kama hicho, hivyo risiti za kubadilisha oili ndizo ushahidi bora. Mwenye gari aliyezihifadhi anastahili kulipwa zaidi kidogo.

Giaboksi ndiyo inayomaliza pesa

Sehemu kubwa ya magari haya ina giaboksi ya aina ya CVT. Ndani yake hamna gea za kuhesabu. Kuna puli mbili zinazopanuka na kusinyaa, na ukanda wa chuma unaozunguka katikati yake. Mpango huu huokoa mafuta, lakini hutegemea oili ya aina yake. Nissan Note ya muundo wa E12, kwa mfano, hutumia oili inayoitwa NS-3. Fundi akitia oili ya giaboksi ya kawaida kwa sababu ni rahisi, ukanda huanza kuteleza na kukwaruza puli. Gari halizimi siku hiyo. Huenda likatembea miezi kadhaa, na huo ndio muda ambao wengine hulipeleka sokoni.

Giaboksi ya CVT iliyoharibika hairekebishwi katika karakana nyingi za mitaani. Hutolewa nzima na kuwekwa nyingine iliyotolewa kwenye gari lililovunjwa, na mnunuzi hana njia ya kujua hiyo nyingine ilitunzwa vipi. Ndiyo maana ukaguzi wa giaboksi unafaa kutangulia mambo ya rangi, redio na rimu.

Majaribio yenyewe hayahitaji mashine. Gari likiwa baridi, mnunuzi awashe injini, akanyage breki, aweke D, kisha R. Giaboksi nzima hushika mara moja. Ikichukua sekunde mbili au ikashika kwa kishindo, kuna kasoro. Halafu gari liendeshwe nusu saa, si kuzunguka yadi, kwa sababu CVT mbovu nyingi huficha ugonjwa hadi oili ipate joto. Baada ya hapo lipandishwe mlima likiwa na watu wanne. Likitetemeka linapoanza kuondoka, likivuma kama king'ora, au injini ikipanda mlio bila mwendo kuongezeka, mnunuzi amshukuru muuzaji na aende zake. Punguzo la shilingi 30,000 halitoshi kulipia ugonjwa huo.

Demio iliyotoka kuanzia mwishoni mwa 2014 ina giaboksi ya kawaida ya gea sita, na hilo ni jambo la kuipendelea kwa anayesafiri kwenye barabara za milima na changarawe. Hata hivyo, Demio ya wakati huo yenye injini ya dizeli ya lita 1.5 haifai kwa safari fupi za sokoni na shuleni, kwani kichujio chake cha moshi hujisafisha vizuri gari likienda mwendo mrefu bila kusimama. Kinapoziba, matengenezo yake si ya bei rahisi.

Injini

Mnunuzi afike bila kutarajiwa, au aombe injini isiwashwe kabla hajafika, kisha aguse boneti. Ikiwa tayari ina joto, kuna uwezekano kuwa muuzaji anaficha mlio wa asubuhi. Magari haya kwa wingi hutumia cheni ya chuma ndani ya injini badala ya mkanda wa mpira. Cheni hudumu miaka mingi ikiwa oili ilibadilishwa kwa wakati. Ikilegea, hukwaruza kwa sekunde chache injini inapowashwa ikiwa baridi.

Adui mkubwa zaidi ni joto. Wengi hutia maji ya mfereji kwenye rejeta badala ya maji maalumu ya kupoza, na kutu hujaa ndani hadi gari linachemka barabarani. Ukaguzi ufanywe injini ikiwa imepoa: kifuniko cha rejeta kifunguliwe na rangi ya maji itazamwe. Maji ya kahawia ni ishara mbaya. Utando mzito wa rangi ya maziwa chini ya kifuniko cha oili unaweza kumaanisha kwamba maji yamechanganyika na oili kwa sababu gasketi ya hedi imeungua. Moshi wa samawati ni oili inayoungua, na moshi mweupe usioisha hata injini ikipata joto ni maji.

Tahadhari moja kwa upande wa pili: injini ya lita moja ya Vitz na Passo, pamoja na ile ya lita 1.2 ya Note, ina silinda tatu. Hutikisika kidogo ikiwa imesimama, na hilo peke yake si ugonjwa. Wapo mafundi ambao wamebadilisha mauntini nzima kwa sababu ya mtikisiko wa kuzaliwa.

Anayetamani gari la haibridi kama Toyota Aqua akague pia feni ya betri kubwa iliyo karibu na kiti cha nyuma. Feni hiyo huvuta hewa ya ndani ya gari, na vumbi la barabara za mashinani huiziba. Betri ikikosa hewa hupata joto na kufa mapema.

Taa za dashibodi

Ufunguo unapofika hatua ya kabla ya kuwasha, taa ya injini na ya mifuko ya hewa zinapaswa kuwaka, kisha kuzimika baadaye. Taa isiyowaka kabisa huenda imetolewa ili isiseme ukweli. Fundi mwenye skana ataona pia kama kumbukumbu za hitilafu zimefutwa karibuni. Shokomzoba, bushi na pedi za breki zilizoisha si sababu ya kulikataa gari, kwani barabara zetu huzila na vipuri vyake ni vingi. Hizo ni hoja za kupunguziwa bei. Lakini zulia likiinuliwa na kuonekana tope kavu, au reli za viti zikiwa na kutu, huenda gari limewahi kuzama majini. Baada ya mafuriko ya 2024 hilo si jambo la kudhania tu. Nyaya zilizoingia maji husumbua kwa miaka, leo dirisha, kesho taa.

Bei ya vipuri iulizwe kabla

Mnunuzi aandike nambari ya chesisi na kupiga simu kwa maduka mawili ya vipuri. Herufi za mwanzo ndizo muuzaji wa vipuri anazihitaji: Vitz ya KSP130 ina injini ya lita moja, NSP130 ina ya lita 1.3, na vipuri vingi haviingiliani. Aulize bei ya vitu vitano: giaboksi iliyotumika, pampu ya maji, taa ya mbele, kioo cha pembeni na shokomzoba mbili za mbele. Baada ya simu hizo, gari lililoonekana la bei nafuu huenda lisiwe hivyo tena.

Fundi wa kukagua awe wa mnunuzi, si yule aliyeletwa na dalali, na alipwe hata gari lisiponunuliwa. Fundi anayelipwa gari likinunuliwa tu ana sababu ya kulisifu.

Stakabadhi

Kabla ya kutoa hata shilingi ya kushikilia gari, rekodi zake zitafutwe kwenye huduma za NTSA kupitia eCitizen. Jina la mwenye gari, nambari ya chesisi na ya injini zilingane na zilizo kwenye gari lenyewe, na ionekane kama benki au mkopeshaji yeyote ana haki juu yake. Sheria ya Trafiki hairuhusu gari lililouzwa kutumika barabarani kwa zaidi ya siku 14 kabla ya mmiliki mpya kusajiliwa. "Tutabadilisha baadaye" imewaacha wengi na gari ambalo kisheria ni la mtu mwingine.

Makubaliano yaandikwe na kutiwa sahihi, yakitaja kilomita zilizosomwa siku hiyo na kila jambo ambalo muuzaji amedai kuhusu gari. Mzozo ukizuka, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza kesi zisizozidi shilingi milioni moja, na sheria inaitaka imalize kesi ndani ya siku 60. Mlalamishi anaweza kujiwakilisha bila wakili. Karatasi hiyo ndiyo atakayoulizwa kwanza.