Kebo ya Ethernet

'''Kebo ya Ethernet''' ni kebo inayounganisha kompyuta, swichi na ruta katika mtandao wa eneo dogo. Ndani yake kuna nyaya nane za shaba zilizosokotwa mbilimbili kuwa jozi nne. Kebo inaweza kukatwa kwa urefu unaotakiwa na kufungwa vichwa vya RJ45 kwa mkono.

== Mpangilio wa rangi ==

Katika kiwango cha T568B, nyaya hupangwa kuanzia pini ya 1 hadi ya 8 hivi:

# nyeupe-machungwa
# machungwa
# nyeupe-kijani
# buluu
# nyeupe-buluu
# kijani
# nyeupe-kahawia
# kahawia

Jozi ya kijani imegawanywa kwenye pini za 3 na 6. Jozi zikipangwa kwa kufuatana tu pande zote mbili, kipimo cha taa huonyesha kwamba kebo ni nzima. Hata hivyo, mawimbi yanayotumia pini hizo hupita katika nyaya zisizosokotwa pamoja, huingiliwa na mengine, na mtandao huwa wa polepole au hukatika.

== Kufunga kichwa ==

Ganda la nje huondolewa takriban sentimita 3. Nyaya hunyooshwa, hupangwa na kukatwa zilingane, zikibaki milimita 13 hivi. Nyaya ndogo hazimenywi, kwa kuwa pini hutoboa plastiki yake zinapobanwa kwa koleo. Ganda la nje liingie ndani ya kichwa ili kebo isichomoke ikivutwa.

== Urefu ==

Kebo isizidi mita 100. Kwa umbali mkubwa zaidi, kwa mfano kati ya majengo ya Kiboriloni, [[Moshi (mji)|Moshi]], huhitajika swichi katikati au [[faiba]].