Tusimulie Bila Jina

Uwanja wetu wa Munigi hauna huruma kwa mpira. Chini ya vumbi kuna makoro, yale mawe meusi ya lava ya mlima Nyiragongo, yenye ncha kama meno ya msumeno. Mwaka 2002 ardhi ilipasuka hadi hapa kwetu kabla moto haujashuka kuunguza Goma. Mwaka 2021 lava ikateremka tena, ikakomea Buhene, mlangoni mwa jiji. Kwa hiyo mpira hapa haumalizi mwezi, na watoto wa hapa wamezoea kuchanga pesa.

Kuna makundi mawili. Wanaokaa upande wa mlima wanajiita Juu, wanaokaa upande wa ziwa wanajiita Chini. Jioni moja niliwakuta wakigombana hadi waliopita wakisukuma makaa kwenye chukudu, zile baiskeli za mbao, wakasimama kuwatazama. Juu walikuwa wamechanga franka 500 kila mmoja, wakampa nahodha wao atunze. Siku ya kununua mpira, pesa hazikutosha.

“Mwizi!” walipiga kelele Chini.

“Siyo mwizi,” walijibu Juu. “Mama yake alikuwa mgonjwa. Mnamwonea wivu kwa sababu anawafunga kila wiki.”

Nilicheka kidogo moyoni, kisha nikahuzunika, maana ugomvi huo niliujua. Likizo iliyopita zilipotea pesa za jezi, na aliyezitunza alikuwa mlinda mlango wa Chini. Siku ile Juu ndio waliosema “mwizi”, na Chini ndio waliosema “mnamwonea”. Maneno yalikuwa yaleyale. Yalikuwa yamehama tu vinywa.

Nikawaambia, “Kaeni hapa juu ya mawe. Nitawapa hadithi ya kweli, lakini sitataja jina la mtu.”

Wakakaa.

“Kulikuwa na mkubwa mmoja,” nikaanza, “aliyekaa karibu sana na Rais wa nchi. Rais alipoingia madarakani mwaka 2019 alitangaza mpango wa siku 100: barabara, madaraja, nyumba. Zilitolewa pesa nyingi za kununua nyumba za kuunganisha, zikae raia wa kipato kidogo, askari na polisi. Nyumba hazikuonekana kama zilivyoahidiwa. Aprili 2020 yule mkubwa akakamatwa. Kesi ikafanyika ndani ya gereza la Makala, Kinshasa, na nchi nzima ikaitazama kwenye televisheni. Juni 2020 mahakama ikasema zimefujwa karibu dola milioni 50. Ikamhukumu miaka 20 ya kazi ngumu.”

Wote wakashika vichwa. Msichana mmoja wa Juu akasema miaka 20 ni michache. Mvulana wa Chini akasema arudishe kwanza pesa, ndipo afungwe. Kwa mara ya kwanza jioni ile Juu na Chini walikubaliana.

Kisha mmoja akauliza, “Papa, ni nani huyo? Ni wa kwetu ama ni wa kwao?”

Swali hilo ndilo nililokuwa nalisubiri. Nikamwuliza, “Ukishajua, miaka itapungua?” Akanyamaza. Nikataja jina: Vital Kamerhe.

Uwanja ukagawanyika papo hapo. Mvulana mmoja ambaye jamaa zake wanakaa Bukavu, kule Kivu ya Kusini anakotoka Kamerhe, aliruka: “Aa, huyo walimwonea! Ni mtoto wa Kivu!” Mwingine akajibu kwamba watu wa siasa wote ni wezi, ushahidi wa nini? Dakika moja kabla, wote wawili walikuwa wanauliza habari za pesa na nyumba. Jina lilipoingia, nyumba zikatoka.

Ndivyo ilivyokuwa kwa wakubwa pia, watoto wangu. Kamerhe alikuwa amefanya mapatano na Félix Tshisekedi huko Nairobi, Novemba 2018: amsaidie kupata urais, na zamu inayofuata asaidiwe yeye. Alipokamatwa, wafuasi wake walisema ni njama ya kumzuia asigombee mwaka 2023. Wapinzani wake walisema hatimaye sheria imeamka. Wengi wa pande zote mbili walishachagua la kusema kabla shahidi wa kwanza hajafungua kinywa.

“Sasa sikilizeni mwisho wake,” nikawaambia. “Katika rufaa, miaka 20 ikapungua kuwa 13. Aprili 2022 mahakama ya juu ikaifuta hukumu hiyo, ikaagiza kesi isikilizwe upya. Juni 2022 akaachiwa huru kabisa. Mwaka 2023 akawa Naibu Waziri Mkuu na Waziri wa Uchumi, mwaka 2024 akawa Spika wa Bunge.”

Mvulana wa jamaa za Bukavu akapiga makofi: “Nilisema!”

“Hukusema,” nikamjibu kwa upole. “Ulibahatisha. Mbele ya sheria hana hatia, na mimi siwezi kumwita mwizi, wala yule mwenzako asimwite. Lakini ungemtetea hata kama angefungwa, sivyo?” Akainamisha kichwa. “Na wewe uliyesema wezi wote, ungemlaani hata kama malaika wangeshuka kumtolea ushahidi. Hakuna kati yenu aliyemwuliza askari aliyeahidiwa nyumba analala wapi.”

Wakubwa wao, wa darasa la sita, wakataka mfano mwingine. Nikawapa miwili, ya mwaka 2025. Mwezi Mei, Mahakama ya Katiba ilimhukumu Augustin Matata Ponyo, Waziri Mkuu wa zamani wa Rais Joseph Kabila, miaka 10 ya kazi ngumu kwa pesa za Bukanga-Lonzo, shamba kubwa lililokusudiwa kuilisha Kinshasa. Septemba akahukumiwa Constant Mutamba, aliyekuwa Waziri wa Sheria wa Tshisekedi: miaka 3, kwa habari ya dola milioni 19 za kujenga gereza Kisangani. Mmoja ni mtu wa utawala wa jana, mwingine wa utawala wa leo. Wote wawili walikana. Ukimsikia mtu mzima anashangilia hukumu moja na kuililia nyingine, mwulize amesoma nini katika kesi hizo. Mara nyingi amesoma jina tu. Wahenga walisema: mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Msichana wa Juu akauliza swali zito. “Papa, na kama kweli wanamwonea? Si inawezekana?”

Inawezekana sana. Sheria inaweza kutumiwa kama fimbo ya kumchapa mshindani. Inawezekana pia mtu akawa anaonewa na wakati huohuo pesa zimepotea kweli. Ndiyo maana tunauliza ushahidi kwa rafiki na kwa adui vilevile. Anayeomba ushahidi siku ambayo mtu wake ndiye aliyeshitakiwa, na siku nyingine haombi, hatafuti ukweli. Anatafuta kinga.

Na hapa kwetu jambo hili ni gumu kuliko Kinshasa. Tangu Januari 2025, waasi wa M23 walipoingia Goma, tunaishi kati ya pande mbili za vita. Vita vinampa kila mkubwa wa kila upande jibu la haraka: ukiuliza pesa za watu ziko wapi, unaambiwa wewe ni wa adui. Lakini bidoni la maji lina uzito uleule mgongoni mwa mtoto, awe yeyote aliyekula pesa za bomba. Anayetuibia akiwa wetu hatuachii hata tone moja zaidi.

Giza lilikuwa linaingia, na juu ya Nyiragongo wingu limeanza kuwa jekundu. Nikawaambia, “Basi tusimulieni kesi yenu. Pesa za mpira na pesa za jezi. Bila jina, bila Juu, bila Chini.”

Ilikuwa kazi kubwa. Kila mara jina liliwaponyoka, wakaanza upya. Mwishowe hadithi mbili zikawa moja: mtoto alipewa pesa za wenzake, hakuna aliyeandika, hakuna aliyehesabu, zikapungua, rafiki zake wakamkinga.

Nahodha wa Juu akaenda nyumbani, akarudi na kopo la maziwa alilowekea pesa. Wakazimwaga juu ya jiwe, wakahesabu franka moja moja. Zilipungua 3,000. Chini walikuwa wameshafungua vinywa, lakini msichana wa Juu, rafiki yake wa karibu kuliko wote, aliwatangulia.

“Zimepungua 3,000,” alimwambia, bila kupaza sauti. “Tueleze.”

Na yule nahodha, ambaye siku nzima alikuwa amenyamaza nyuma ya migongo ya watetezi wake, akaanza kueleza.