Augure: Chuma cha Kifaransa Chenye Kiswahili Ndani

Oya wana wa Ndagoni, hii ni yenu kwanza, masela wengine wa Mafia mtafuata. Kuna chuma kinaitwa Augure. Najua ukisikia muvi ya Kifaransa unaipita, unarudi kwa Wakorea na Wahindi wako. Tulia kidogo, mwana. Msee aliyeiongoza ni mtoto wa Lubumbashi, Kongo, kitaa ambacho Kiswahili ndicho kinapigwa sokoni na majumbani. Kwenye muvi Kifaransa kinatawala, ila kimechanganyika na Kiswahili, Kilingala na Kiingereza. Kuna sehemu utaelewa bila kusoma maandishi ya chini, na hiyo raha ni ya kwetu, Mfaransa hana.

Mchizi anaitwa Baloji. Kazaliwa 1978, akapelekwa Ubelgiji na mshua wake akiwa bado dogo kabisa, bimkubwa akabaki Kongo. Akakulia Liège, akaanza kuchana na kundi la Starflam. Baadaye akatoa albamu inaitwa Hotel Impala, nayo ilikuwa jibu la barua ya bimkubwa wake, barua iliyomfikia baada ya miaka mingi ya ukimya. Hebu fikiria, mama anakuandikia, na wewe unamjibu kwa albamu nzima.

Chuo cha filamu hajakanyaga. Aliandika miswada, wenye mkwanja wakawa wanaipiga chini. Hakukaa kulia. Alizama mfukoni mwake akapiga muvi fupi, Zombi, mwaka 2019, huko Kinshasa. Ndiyo ikaja Augure, ikatua tamasha la Cannes, Ufaransa, Mei 2023, na kule ikabeba tuzo ya Sauti Mpya kwenye kitengo cha Un Certain Regard. Ubelgiji nao wakaipeleka Oscar kuwawakilisha.

Stori sasa. Koffi anaishi Ulaya, anarudi kwao Kongo na mchumba wake mzungu, Alice, ambaye ana mimba. Anataka kumalizana na familia, atoe mahari kwa mshua, maisha yaende. Shida ni kwamba Koffi kazaliwa na alama usoni, na tangu utotoni bimkubwa anamwona kama mtoto wa shetani. Amefika, kapakata kichanga cha dada yake, damu ya pua ikamtoka ikamdondokea mtoto. Basi, nyumba nzima ikachafuka. Mchawi! Wakamkamata wakamfanyia matambiko kwa nguvu, Alice anaangalia tu hana la kufanya.

Hapo ndipo iliponishika. Bongo hii tumeona ndugu zetu wenye ualbino wakikatwa viungo kwa imani za hivyo, na vikongwe wakiuawa kisa macho mekundu ya moshi wa kuni. Baloji anayajua haya kwa ndani, maana jina lake lenyewe kwao linabeba ulozi. Kalibeba jina hilo shuleni, mtaani, mpaka jukwaani. Ndiyo maana muvi haimcheki mtu wala haimsemi Mkongo vibaya. Inaonyesha tu mtu akishabandikwa jina anavyobaki nalo.

Na sio Koffi peke yake. Kuna Paco, dogo wa mtaani anayeongoza mbogi yake, wamevaa magauni ya pinki, wanamlilia mdogo wake. Kuna Tshala, dada yake Koffi, aliyechezwa na Eliane Umuhire wa Rwanda, manzi anayetaka kuishi anavyotaka yeye. Halafu kuna Mama Mujila, bimkubwa wa Koffi, kachezwa na Yves-Marina Gnahoua, na kwangu mimi huyu ndiye anayebeba muvi. Mwanzo unamchukia. Ikifika zamu yake unagundua naye alishabandikwa jina lake zamani. Koffi kachezwa na Marc Zinga, mzaliwa wa Likasi, jirani kabisa na Lubumbashi. Katikati muvi inarukaruka, stori ya Paco hasa inakuacha njiani, sitakudanganya. Vumilia tu, rangi na mavazi yatakushika, na Baloji mwenyewe ana mkono kwenye kuyabuni mavazi hayo. Tena aliandika albamu nne, kila mhusika mkuu na yake, ili aijue roho yake kabla ya kuwasha kamera.

Sasa nakuja kwenu, madj wa kutafsiri. Marehemu Lufufu aliwapa watu wa vibanda umiza muvi za Kichina na Kimarekani kwa Kiswahili, na mzee asiyejua kusoma akawa anacheka na wajukuu zake. Kifaransa mmekiacha muda mrefu mno. Chukueni Augure, ombeni ruhusa kwa wenye mali, mtie sauti ya Kiswahili. Siku ikiwa tayari, leteni Ndagoni kwanza. Benchi tutapanga wenyewe.