Manjano ni Chakula, Macho ya Manjano ni Ugonjwa

Bila shaka unaijua tangawizi. Wakulima wa Mamba na Myamba, juu milimani wilayani Same, wanailima na kuiuza. Je, unamjua ndugu yake? Ni manjano. Wengine huita binzari ya manjano. Ukikata kiazi chake, ndani utaona rangi kama kiini cha yai la kuku wa kienyeji.

Manjano hupandwa kama tangawizi. Panda vipande vyenye macho mwanzoni mwa mvua. Chagua udongo tifutifu usiotuamisha maji. Kama mvua ni haba, panda mahali panapofikiwa na maji ya ndiva. Baada ya miezi 8 au 9 majani hukauka. Hapo chimba.

Osha viazi, uvichemshe mpaka kijiti kipenye. Kata vipande vyembamba, uvianike juani. Vikikauka vizuri huvunjika kwa mlio. Twanga kinuni, chekecha, weka katika chombo kikavu chenye kifuniko. Vaa nguo ya kazi, maana rangi hii haitoki. Mwandishi alipoteza shati zuri hivyo hivyo.

Utauliza, kwa nini nitwange wakati unga upo dukani? Mwaka 2019 watafiti walieleza kwamba huko Bangladesh baadhi ya wafanyabiashara walitia manjano rangi yenye madini ya risasi, ili yang'ae. Risasi ni sumu. Huharibu akili ya mtoto. Unga uliotwanga mwenyewe unajua kilichomo.

Tia kijiko kidogo kimoja katika sufuria ya makande au mchuzi wa maharage. Ongeza mafuta kidogo na pilipili manga. Vitu hivyo husaidia mwili kuyapokea manjano. Baadhi ya watu wenye maumivu ya magoti wamepata nafuu kwa kutumia manjano. Lakini hayaponyi malaria, wala kisukari.

Sasa sikiliza vizuri. Wako watu wanaosema kwamba mtu akigeuka manjano macho, apewe manjano anywe. Wanaona rangi zinafanana. Jambo hili ni la hatari. Macho hugeuka manjano kwa sababu ya ugonjwa wa ini, au malaria kali, au nyongo kuziba. Mgonjwa akikaa nyumbani wiki nzima akinywa manjano, ugonjwa unaendelea ndani. Tena, vidonge vya manjano yenye nguvu nyingi vimewahi kuumiza maini ya watu katika nchi za nje. Yaani unatafuta kuliponya ini, kumbe unaliumiza.

Mtoto mchanga je? Akigeuka manjano macho au ngozi, mpeleke zahanati siku hiyo hiyo. Usimnyweshe manjano wala kitu kingine. Mpe maziwa ya mama tu. Kitovu chake usikipake unga wowote. Kiache kisafi na kikavu.

Mwenye mawe ya nyongo, au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, asinywe manjano mengi kama dawa. Mama mjamzito naye vile vile. Kiasi cha mchuzi hakina neno.

Ukifika zahanati, mweleze mganga kila ulichokunywa nyumbani, cha miti na cha dukani. Usione haya. Hawezi kuchagua dawa sawasawa bila kujua hayo.