Dozi ya mionzi haikomei mpakani

Fundi akishamaliza kuchomelea bomba la gesi au boila la kiwanda, macho hayatoshi kuikagua kazi yake. Ufa unaweza kuwa umejificha ndani ya chuma. Hapo huitwa wapiga picha za mionzi na kamera yao: kasha zito la kilo 20 hivi, lenye chembe ya iridiamu-192 inayotoa mionzi, ya milimita chache tu. Filamu hufungwa kwenye kiungo, watu husogezwa mbali, kisha mpiga picha huzungusha mpini na chembe hutoka kwenye kasha kupitia mpira mrefu. Picha ikipatikana, chembe hurudishwa ndani.

Kazi hii haina makazi. Leo iko kiwandani, kesho kwenye bomba porini. Kwa kijana wa Tarakea, mji wa Rombo unaotazamana na Illasit ya Kenya, kibarua cha mwaka huu chaweza kuwa Tanzania na cha mwakani ng'ambo. Yeye akivuka, je, kumbukumbu ya mionzi aliyopata huvuka naye?

Kumbukumbu hiyo huanzia kwenye beji ndogo ya kifuani. Beji haizuii mionzi, huihesabu. Ndani yake mna vipande vya madini, kwa kawaida floraidi ya lithiamu, vinavyotunza nishati ya mionzi. Vikipashwa moto maabarani hutoa mwanga, na wingi wa mwanga huonyesha dozi. Kwa Tanzania, msimamizi ni Tume ya Nguvu za Atomu (TAEC), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003 na yenye maabara Njiro, Arusha. Beji iliyosahauliwa nyumbani itasomeka safi hata kama mwenyewe ameungua. Iliyoachwa kando ya kamera itamsingizia dozi ambayo hakuipata.

Viwango vya kimataifa vinamruhusu mfanyakazi milisiveti (kipimo cha dozi) 20 kwa mwaka, kwa wastani wa miaka mitano, na asizidi 50 katika mwaka wowote. Mwananchi wa kawaida hatakiwi kuongezewa zaidi ya 1 kutokana na shughuli hizi, mbali na ile ya asili, ambayo wastani wake duniani ni 2.4.

Tuseme kijana wetu amepata 18 Tanzania, kisha 18 nyingine Kenya ndani ya mwaka huohuo. Kila mwajiri ataona mtu aliye chini ya 20. Mwili wake umebeba 36, zaidi ya theluthi moja ya 100 anazoruhusiwa kwa miaka mitano. Kenya ina mamlaka yake ya nyuklia chini ya sheria ya mwaka 2019, Uganda ina baraza lake. Daftari zikiwa mbalimbali, hakuna anayeona jumla.

Tena beji husomwa baada ya wiki au miezi. Kinachookoa papo hapo ni mita ya mionzi, inayopaswa kushikwa kila chembe inaporudishwa. Mwaka 1984, huko Mohammedia, Morocco, chembe ya iridiamu ilichomoka na kuanguka bila kugunduliwa. Mpita njia aliiokota akaipeleka nyumbani, na watu wanane wakafa. Mwaka 1999 huko Yanango, Peru, mchomeleaji aliitia nyingine mfukoni, akakatwa mguu. Wote wawili hawakuwa wapiga picha, na hakuna aliyekuwa amewavalisha beji.

Dawa ya tatizo la mpakani inajulikana. Kanuni za Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki (IAEA) zinataka mfanyakazi aweze kuona rekodi ya dozi yake, na nakala imfikie mwajiri mpya anapohama. Rekodi hutunzwa hadi mhusika afikishe miaka 75, na si chini ya miaka 30 baada ya kuacha kazi, maana saratani inaweza kuchelewa miaka mingi kujitokeza.

Basi anayemaliza mkataba asidai mshahara na barua ya utumishi tu. Adai pia nakala ya dozi zake, mwezi kwa mwezi, na aibebe pamoja na vyeti. Naye mwajiri mpya, awe Moshi au Mombasa, asimkabidhi mtu kamera kabla ya kuiona nakala hiyo. Mamlaka za nchi zetu zikikubaliana namba moja ya mfanyakazi na daftari moja, kazi itakuwa nyepesi zaidi. Lakini nakala ya karatasi inaweza kudaiwa kuanzia mwisho wa mwezi huu.