Mashine ya Kusisimua Misuli na Matumizi Yake Salama Nyumbani

Msuli hujikunja kwa amri. Amri hiyo hutoka kwenye ubongo na kusafiri ndani ya neva kwa njia ya umeme mdogo sana. Mashine ya kusisimua misuli huingilia kati safari hiyo: hupitisha mkondo wa umeme katika pedi mbili zilizobandikwa kwenye ngozi, mkondo huamsha neva iliyo chini yake, na msuli hukaza hata kama mwenyewe hakutaka. Jambo hilo Luigi Galvani, tabibu wa Bologna nchini Italia, alilishuhudia kwenye miguu ya vyura, akachapisha matokeo yake mwaka 1791.

Mashine inayouzwa kwa matumizi ya nyumbani ni kiboksi cha betri kinachoenea kiganjani, chenye nyaya na pedi. Wengi huichanganya na TENS, inayofanana nayo kwa sura. TENS huamsha neva za hisia ili kupunguza maumivu. Haikusudii kukunja msuli. Viboksi vingine hufanya kazi zote mbili, kwa hiyo anayekitumia hana budi kujua ni programu ipi aliyoiwasha.

Faida kubwa ya mashine ya kusisimua misuli huonekana kwa mtu ambaye msuli wake umedhoofika. Aliyefanyiwa upasuaji wa goti, kwa mfano, hupoteza haraka nyama ya mbele ya paja kwa sababu hawezi kuikaza ipasavyo. Waliopata kiharusi nao hunufaika: mwaka 1961, Wladimir Liberson na wenzake nchini Marekani walieleza kifaa kilichomsaidia mgonjwa kuinua unyayo wakati wa kutembea. Katika tiba ya viungo, mgonjwa mara nyingi huambiwa akaze msuli kwa nguvu zake mwenyewe pale mashine inapoukaza. Anayelala tu huku mashine ikimfanyia kazi hupoteza sehemu ya faida hiyo.

Habari ya kupunguza kitambi ni nyingine kabisa. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) inasema haijaidhinisha mashine yoyote ya aina hii kwa ajili ya kupunguza uzito au unene wa kiuno. Mwaka 2002, Tume ya Biashara ya nchi hiyo iliwashtaki wauzaji wa mikanda mitatu ya umeme ya tumbo kwa matangazo ya uongo. Tena mafuta ya chini ya ngozi hukinza umeme. Mwenye kitambi hulazimika kuongeza mkondo, na anachopata zaidi ni maumivu.

Wapo wasiopaswa kuigusa mashine hii bila idhini ya daktari. Wa kwanza ni mwenye betri ya moyo au kifaa kingine cha umeme kilichopandikizwa mwilini, kwa sababu mkondo unaweza kukivuruga. Wengine ni wajawazito, wenye kifafa, wenye saratani, na wenye damu iliyoganda kwenye mshipa wa mguu, kwani msuli unaokaza waweza kulisukuma bonge hilo hadi kwenye mapafu. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni yumo hatarini kwa namna yake: ngozi inaweza kuungua asijue.

Mahali pa kubandika pedi pana uzito mkubwa. Pedi haziwekwi mbele ya shingo, ambako mna mishipa inayosimamia shinikizo la damu na misuli ya koo inayoweza kubana njia ya hewa. Haziwekwi kichwani wala karibu na macho. Kamwe zisibandikwe kifuani, au moja kifuani na nyingine mgongoni, kwa kuwa umeme hupita eneo la moyo. Vidonda na michubuko pia huachwa.

Ngozi husafishwa kwa maji na sabuni, ikakaushwa vizuri, bila losheni wala mafuta. Pedi ibandike yote; iliyoinuka ukingo au kukauka gundi hukusanya umeme mahali padogo, na hapo ndipo ngozi huungua. Ikiacha kushika hutupwa, na pedi za mtu mmoja hazipewi mwingine. Mashine huzimwa kabla ya kubandika au kubandua. Haitumiki bafuni, usingizini, wakati wa kuendesha gari, wala ikiwa imechomekwa kwenye chaji.

Mkondo huanzia sifuri na kupandishwa pole pole mpaka msuli ukaze wazi bila maumivu makali. Programu nyingi za tiba hutumia mipigo 20 hadi 50 kwa sekunde. Mapumziko kati ya mikazo ni ya lazima, maana umeme hurudia kukaza nyuzi zilezile, ilhali mwili wenyewe hupokezanisha nyuzi zake. Ndiyo sababu msuli huchoka upesi. Yakov Kots, aliyewafanyisha mazoezi ya umeme wanariadha wa Muungano wa Kisovieti, alitumia sekunde 10 za kukaza na 50 za kupumzika.

Vazi la umeme linalokaza mwili mzima halifai kuvaliwa nyumbani bila msimamizi. Wataalamu wa Ujerumani, ambako vazi hilo limeenea, wanashauri dakika zisizozidi 20, mara moja tu kwa wiki katika wiki 8 hadi 10 za mwanzo. Kuzidisha kunaweza kuvunja nyuzi za misuli, na mabaki yake yakaziba figo. Maumivu makali ya misuli, udhaifu au mkojo wa rangi ya chai ya rangi katika siku zinazofuata ni dharura: mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na daktari aambiwe kuwa mashine ilitumika.