Ugonjwa wa Selimundu na Mtu wa Kazi

Yuko mtu ambaye wasimamizi wengi wa kazi katika Kitale na Bungoma wamepata kumwona, ijapokuwa hawakumfahamu. Ijumaa amefanya kazi yake vema, ameandika hesabu ya magunia pasipo kosa, na jioni ameagana na wenzake kwa furaha. Jumatatu haonekani. Alhamisi anarudi, amekonda, macho yake yana umanjano, naye hutembea polepole kama mzee. Akiulizwa alikuwa wapi, hujibu kwamba mifupa ilimwuma. Wenzake hutazamana na kucheka, maana hana jeraha wala uvimbe wa kuonyesha. Na tangu siku hiyo jina lake huanza kutajwa pamoja na pombe au uvivu.

Huenda mtu wa namna hiyo akawa mlevi kweli. Lakini huenda pia akawa na ugonjwa wa selimundu, nao si wa nadra katika magharibi ya Kenya. Msimamizi asiyejua kupambanua mambo haya mawili aweza kumfukuza mtu mwaminifu, na mgonjwa mwenyewe asiyejua hali yake aweza kujimaliza kwa kazi ambayo angaliweza kuifanya miaka mingi kama ingalipangwa vizuri.

MUNDU ULIO NDANI YA DAMU

Damu ya mtu ina chembe nyekundu nyingi mno, ndogo zisizoonekana kwa macho, na kazi yake ni kuchukua hewa ya oksijeni kutoka mapafuni na kuipeleka mwili mzima. Kwa mtu asiye na ugonjwa huu chembe hizo ni za mviringo, tena ni laini, hata zikifika penye mshipa mwembamba hujikunja kidogo na kupita. Kwa mgonjwa sivyo. Chembe zake zikipungukiwa na hewa hiyo, au mwili ukikaukiwa na maji, hujipinda zikawa na umbo la mundu, chombo ambacho kila mkata majani anakijua. Chembe za umbo hilo ni ngumu, nazo hunasana na kuziba mshipa. Sehemu iliyo mbele ya mahali palipozibwa hukosa damu, na hapo ndipo maumivu yaanzapo: mgongoni, kifuani, katika mapaja na mikono. Hayana kidonda cha kuonyesha kwa sababu yamo ndani ya mfupa. Wagonjwa wengine husema ni kama mtu anayepigwa nyundo kutoka ndani.

Hayo ndiyo maumivu, nayo huja na kuondoka. Uchovu ni jambo jingine, nao hauondoki. Chembe nyekundu ya kawaida huishi siku 120 hivi. Chembe ya mundu huishi siku 10 hadi 20 tu, kisha huvunjika. Mwili hutengeneza nyingine mchana na usiku, lakini haudiriki kamwe, mithili ya mtu ajazaye mtungi uliotoboka. Kwa hiyo mgonjwa huwa na upungufu wa damu hata siku asiyoumwa, na hata akilala usiku kucha huamka amechoka. Umanjano wa macho hutokana na chembe hizo zinazovunjika. Watu wengi wamedhani ni alama ya pombe, na dhana hiyo imewaharibia jina watu wasioonja hata tone.

Ugonjwa huu hauambukizi kwa kula pamoja, wala kwa kupeana mikono, wala kwa kulala chumba kimoja. Mtu huzaliwa nao. Mzazi mmoja akiwa na alama ya selimundu katika damu yake na mwenzake asiwe nayo, hawapati mtoto mwenye ugonjwa wa namna hii ulio wa kawaida zaidi. Wazazi wote wawili wakiwa nayo, ingawa wenyewe ni wazima kabisa, kila mimba ina bahati moja katika nne ya kuleta mtoto mgonjwa. Ndiyo sababu ndugu watatu waweza kuwa na nguvu na wa nne akawa wa kuugua daima, jambo ambalo vijijini limewafanya watu kushtakiana uchawi.

KWA NINI HUKU

Mwaka 1949 mtaalamu aitwaye Anthony Allison, ambaye alikulia Kenya, alipima damu za watu wa makabila mbalimbali ya nchi hii. Aliona kwamba alama ya selimundu ilikuwa nyingi kwa watu wa pwani na wa kandokando ya Ziwa Viktoria, nayo ilikuwa haba kwa watu wa nyanda za juu. Mwaka 1954 akatangaza sababu yake: mtoto aliyerithi alama hiyo kwa mzazi mmoja tu ana kinga zaidi dhidi ya malaria. Kwa hiyo mahali palipokuwa na mbu wengi tangu zamani, watu wenye alama walisalimika wakazaa, na alama ikaenea. Wachache waliorithi kwa wazazi wote wawili ndio waliolipa gharama ya kinga ya wenzao.

Mji wa Bungoma uko kiasi cha meta 1,400 juu ya usawa wa bahari, na malaria ni jirani yake wa siku zote. Kitale uko juu zaidi, kiasi cha meta 1,900, na alfajiri zake ni za baridi kali. Baada ya uhuru wa mwaka 1963 mashamba mengi ya walowezi katika Trans Nzoia yaligawanywa, na jamaa nyingi zilipanda huko kutoka sehemu za chini. Watu walihama na damu yao. Leo kijana aliyezaliwa upande wa Bungoma hupata kazi Kitale, na jambo la kwanza linalomtia kitandani si ugumu wa kazi bali ni baridi, kwa maana baridi huibana mishipa na kuamsha maumivu.

MTU NA KAZI YAKE

Fikirini habari za karani wa ghala la mahindi mjini Kitale aliye na ugonjwa huu. Huondoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi kwa miguu, katika umande, amevaa shati jembamba. Hanywi maji asubuhi kwa kuwa choo ki mbali. Adhuhuri husaidia kupakia magunia kwa kuwa hataki kuitwa mvivu. Jioni hunyeshewa. Katika siku hiyo moja amekusanya mambo manne kati ya yale yaamshayo maumivu: baridi, kiu, kazi ya nguvu kupita kiasi, na kulowa. La tano ni maradhi mengine, hasa malaria.

Mtu huyu haimpasi kuacha kazi. Imempasa kuipanga upya siku yake. Avae sweta na koti hata kama wenzake wamevua. Awe na chupa ya maji mezani na kunywa kidogo kidogo tangu asubuhi, asingoje kiu. Mtu mzima huhitaji lita tatu hivi kwa siku, isipokuwa daktari amempa kipimo kingine kwa ajili ya figo au moyo. Na kama msimamizi hapendi kumwona akienda choo mara nyingi, basi msimamizi aambiwe sababu. Alale katika chandarua, na pale daktari alipoagiza dawa ya kuzuia malaria asiikatize kwa kuwa anajisikia mzima. Pombe hukausha mwili, na kwake ina hasara kuliko kwa mtu mwingine.

Uchovu hautibiwi kwa ushujaa. Kazi zinazohitaji akili nyingi azifanye saa zile anazojua mwenyewe kwamba ana nguvu, kwa wengi ni asubuhi baada ya kupata joto. Kazi ya kusimama aigawe, apumzike dakika chache kabla ya kuchoka, wala si baada ya kuanguka. Vidonge vya asidi ya foliki, ambavyo husaidia mwili kutengeneza damu, hutolewa kliniki. Lakini vidonge vya madini ya chuma asivinunue dukani kwa kuwa tu ameambiwa damu ni haba: mgonjwa aliyepata kuongezewa damu huenda tayari ana chuma nyingi mwilini, nayo huumiza moyo na ini.

Kibarua ana shida kubwa zaidi kuliko karani. Yeye hulipwa kwa siku, na siku ya maumivu ni siku ya njaa. Kupalilia mahindi katika mvua ya Mei, au kukata miwa juani pasipo maji karibu, ni kazi ambazo mwili wenye selimundu hauwezi kuzistahimili mwaka hata mwaka. Kijana mwenye ugonjwa huu akipata nafasi ya kujifunza ushonaji, uandishi, kutengeneza redio au kazi nyingine ya kukaa ndani, wazazi wasiihesabu karo hiyo kuwa ni anasa.

KUSEMA AU KUFICHA

Wagonjwa wengi huficha. Wanaogopa kwamba wakisema hawataajiriwa, au watakuwa wa kwanza kuondolewa, na hofu hiyo haikutoka hewani. Lakini afichaye hujikuta hana neno la kujitetea siku anapokosa kazini bila taarifa, kwa kuwa msimamizi ana daftari ya mahudhurio tu mbele yake. Njia iliyo salama zaidi ni kwenda hospitali, kama vile hospitali za rufaa za kaunti zilizoko Bungoma na Kitale, kupimwa damu, na kuomba barua fupi ya daktari ieleze mambo matatu: kwamba maumivu huja ghafula, kwamba mtu huyu anafaa kwa kazi gani na hafai kwa ipi, na kwamba maji na joto ni sehemu ya matibabu yake. Barua hiyo apewe mwenye kuajiri wakati wa afya. Ikitolewa baada ya ugomvi huonekana kama hila.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu cha 30, yampa mfanyakazi aliyekwisha kutumika miezi miwili mfululizo haki ya kuugua siku zisizopungua 7 kwa mshahara kamili, na 7 nyingine kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12 ya kazi. Sharti alete cheti cha daktari, tena apeleke habari kwa mwenye kuajiri mapema iwezekanavyo. Kwa hiyo ujumbe wa simu wa asubuhi ile ile ya maumivu, hata ukiandikwa na mke au ndugu, ni kitu chenye thamani. Siku hizo ni chache kwa mtu anayepatwa mara tatu au nne kwa mwaka, hilo halifichiki, na zikiisha hubaki mapatano kati yake na wakubwa wake. Sheria hiyo hiyo yakataza kumbagua mfanyakazi au kumwachisha kazi kwa sababu ya ulemavu.

DAWA

Maumivu madogo yaweza kutulizwa nyumbani kwa maji mengi, nguo za joto na parasetamoli, vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, wala visizidi 8 katika siku moja kwa mtu mzima. Ibuprofeni isinunuliwe ovyo, kwa kuwa figo za wagonjwa hawa hudhoofika upesi. Maumivu makali ni ya hospitali, na huko kumpa mgonjwa morfini kwa kipimo si kumfanya mlevi wa dawa. Homa, maumivu ya kifua pamoja na kuhema, udhaifu wa ghafula wa upande mmoja wa mwili, au weupe mkubwa wa viganja na ulimi, ni mambo yasiyongoja mwisho wa zamu wala ruhusa ya mtu yeyote.

Iko pia dawa inayoitwa haidroksiurea. Hii hainywewi siku ya maumivu tu, bali kila siku, na baada ya miezi kadhaa hupunguza chembe zinazojipinda. Ilijaribiwa kwa watoto katika miji minne ya Afrika, mmojawapo Kilifi na mwingine Mbale, ng'ambo ya Mlima Elgon na si mbali na Bungoma. Matokeo yaliyotangazwa kati ya mwisho wa 2018 na mwanzo wa 2019 yalionyesha kwamba maumivu, malaria, haja ya kuongezewa damu na vifo vyote vilipungua. Watu wazima pia huitumia. Yataka damu ipimwe mara kwa mara, na mwanamke mwenye mimba au anayetazamia kupata mimba azungumze kwanza na daktari.

Kwa msimamizi hesabu yake si ngumu. Karani anayeyajua magunia, wakulima na vitabu vya ghala, naye hukosa kazini siku 12 kwa mwaka, ni hasara ndogo kuliko karani mpya anayekosea mizani mwaka mzima. Kumbadilisha kutoka mlango wenye upepo hadi chumba cha ndani hakugharimu kitu. Wala haifai kumtangaza mbele ya wenzake. Siri ya mwili wa mtu ni yake. Barua ya daktari iwekwe katika faili lake, ili msimamizi akihamishwa, yule ajaye aikute.